Mvua, Joto na Malaria Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Masika yakikaribia, maswali haya huanza kuzunguka: kliniki ya watoto, kwenye foleni ya feri Likoni, barazani baada ya isha, na katika makundi ya simu ambako majibu ya kweli na ya uongo huchanganyika. Tumeyajibu hapa kwa kuangalia Mombasa yenyewe, kwa sababu mambo mengi yanayosemwa kuhusu malaria na hali ya hewa yameandikiwa watu wa nyanda za juu, na hali yetu sisi wa pwani ni nyingine.

Mvua imekatika tangu wiki iliyopita na zahanati hazijajaa. Je, mwaka huu tumesalimika?

Bado, na hapa ndipo wengi wetu hudanganyika kila mwaka. Hebu tupige hesabu.

Mbu jike wa anofelesi, aina ya mbu anayeeneza malaria, hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama. Kwa joto la Mombasa, kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama siku 8 hadi 12. Mbu huyo mpya hazaliwi na malaria. Sharti kwanza amwume mtu mwenye vimelea vya malaria katika damu, kisha vimelea hivyo vikue ndani ya mwili wake siku 10 hadi 14 hivi, ndipo aweze kumwambukiza mtu mwingine. Na huyo aliyeumwa naye haugui siku ile ile: homa hujitokeza baada ya siku nyingine 9 hadi 14. Ukijumlisha yote, ni mwezi mmoja na zaidi tangu madimbwi yajae, na hiyo ni duru ya kwanza tu. Duru ya pili ndiyo huleta wagonjwa wengi, kwa kuwa sasa walio na vimelea ni wengi na mbu ni wengi vilevile.

Kwa hiyo masika yakipiga Aprili na Mei, wagonjwa huongezeka Juni, Julai, hata Agosti, wakati watu washaanika makoti ya mvua wakayasahau. Vuli ikinyesha Oktoba na Novemba, tazamia homa Desemba na Januari. Wiki hizi kati ya mvua na homa ndizo tunazotaka kila mkaazi wa Mombasa azijue, maana ndizo zenye nafasi ya kufanya jambo. Mengi ya majibu yanayofuata yanarudi kwenye wiki hizo.

Kama ni maji tu, joto lina kazi gani?

Lina kazi kubwa: linaamua kama kimelea kitakomaa kabla mbu hajafa.

Kimelea kikuu cha malaria Kenya ni Plasmodium falciparum. Wataalamu wana kanuni moja rahisi ya kukadiria muda wake ndani ya mbu: chukua wastani wa joto la siku, toa 16, kisha gawanya 111 kwa kilichobaki. Mombasa yenye wastani wa nyuzi 27, jibu ni siku 10. Julai, joto likishuka hadi 24, ni siku 14. Sasa jaribu Nairobi, yenye wastani wa nyuzi 19 hivi: siku 37.

Tofauti hiyo ina maana gani? Tuseme mbu 10 kati ya kila 100 hufa kila siku, kadirio ambalo si baya. Baada ya siku 10, kati ya mbu 100 watakuwa wamebaki 35. Baada ya siku 14, watabaki 23. Baada ya siku 37, ni 2 tu. Nairobi ina mbu, ina mvua, ina madimbwi, lakini karibu mbu wote hufa kabla vimelea havijakomaa. Hapa kwetu theluthi nzima huishi hadi kuambukiza. Chini ya nyuzi 16 kimelea hakikui kabisa, na Mombasa haijui baridi ya namna hiyo hata usiku wa kipupwe.

Ndiyo sababu twasema joto la Mombasa liko tayari mwaka mzima. Linalopungua na kuongezeka ni maji.

Februari na Machi jua huchoma sana. Si joto hilo huua mbu?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba uambukizaji hufikia kilele kwenye nyuzi 25 hivi, hudhoofika joto likipita 28, na hukaribia kukoma kwenye nyuzi 34, kwa sababu mbu hawaishi muda mrefu. Viluwiluwi, yaani watoto wa mbu wanaokulia majini, navyo hufa maji ya kidimbwi yakipata moto kupita kiasi, na vidimbwi vyenyewe hukauka. Kwa hiyo miezi ya kaskazi kali, kavu na yenye nyuzi 32 na 33 mchana, huwa na nafuu.

Lakini tazama kinachofuata. Masika yakija na kusi ikaanza kuvuma, joto la siku hushuka hadi kwenye nyuzi 24 na 26. Hapo ndipo palepale mbu na kimelea hustawi zaidi, na ndipo madimbwi yamejaa. Wakati sisi twafurahia ubaridi, mbu naye amepata hewa yake.

Kisha kuna jambo ambalo ramani za joto hazilionyeshi, nalo ni sisi wenyewe. Nyumba ya mabati usiku wa Machi hailaliki. Watu hutoa mkeka nje, hulala barazani au juu ya dari hadi karibu na alfajiri, na chandarua hubaki kimefungwa fundo chumbani. Anofelesi wetu huuma zaidi kuanzia usiku wa manane hadi mapambazuko, yaani saa zile zile mtu amelala fofofo nje. Anayeshinda muda huo wote bila neti hawezi kulindwa na ile nafuu ya kiangazi. Usimlaumu anayelala nje. Joto ni joto. Mfungie chandarua huko nje. Nguzo nne au kamba mbili za kuanikia nguo zinatosha kukishikilia, na neti ya pembe nne hupitisha upepo vizuri zaidi kuliko ya duara iliyobana. Kama kuna stima na feni, iwashe ikielekea kitandani: mbu ni mrukaji dhaifu, na upepo wa feni humsumbua.

Mvua kubwa ya kusomba si huwaondoa mbu wote?

Huwaondoa kwa muda. Mvua ya nguvu husafisha vidimbwi na kusomba viluwiluwi, na watu huona wiki mbili za utulivu. Kisha maji hupungua, yakiacha mashimo kila mahali: nyayo za ng'ombe, alama za magurudumu barabarani, machimbo ya mawe, misingi ya nyumba zilizosimama kujengwa. Vidimbwi hivi vidogo, safi na vyenye kupigwa na jua ndivyo Anopheles gambiae, anofelesi hodari wa kueneza malaria, hupenda kuliko vyote. Mvua inayonyesha na kupumzika, ikanyesha tena, huzalisha mbu wengi kuliko mvua ya mfululizo.

Na upepo wa bahari, unatusaidia?

Ukiwa Kizingo au Nyali ukiangalia bahari, ndiyo, kidogo. Mbu hapendi kuruka kwenye upepo wa kasi. Ukiingia mitaa ya nyuma, penye nyumba zilizobanana na miti mingi, upepo hufa. Usiitegemee kusi kuwa kinga, maana huvuma kwa saa fulani na kutulia kwa saa fulani, na mbu huingojea itulie.

Unyevu wa hewa ndio unaomfaa mbu wetu zaidi. Hewa ikikauka chini ya asilimia 60, mbu hupoteza maji mwilini na maisha yake hufupika. Mombasa hewa huwa juu ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Linganisha na ndani huko Taita Taveta upande wa Voi, ambako kiangazi hukausha kila kitu.

Bahari yenyewe huzalisha mbu? Na mikoko?

Bahari ya wazi, hapana. Mikoko inahitaji jibu refu kidogo. Pwani ya Afrika Mashariki yuko Anopheles merus, ndugu wa karibu wa Anopheles gambiae, ambaye viluwiluwi vyake hustahimili maji ya chumvichumvi. Bamvua likipanda na kushuka huacha maji kwenye mabonde madogo nyuma ya mikoko, na mvua ikiyachanganya na maji yasiyo ya chumvi, mbu huyu huyapenda. Anaweza kubeba malaria, ingawa kwa kawaida si hodari kama nduguye.

Hii si sababu ya kukata mikoko, na tunalisema kwa uzito wote. Mkoko uliokatwa huacha mashimo ya matope yanayotuamisha maji juani, hali ambayo ni mbaya zaidi kwa mbu, na ufuo hubaki bila ngao dhidi ya mawimbi.

Mbu wa mtaro unaonuka ndiye wa malaria?

Mara nyingi siye. Maji machafu ya mitaro na vyoo vya shimo huzalisha zaidi mbu aina ya kuleksi, anayetunyima usingizi na ambaye hapa pwani hueneza matende. Mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, ni aedesi. Huyo huzaliwa kwenye mapipa, magurudumu makuukuu, vyungu vya maua na vifuu vya nazi vilivyotupwa nyuma ya jiko. Anofelesi utamjua akitua: mkia huuinua juu, mwili ukiwa mshazari.

Kuzibua mtaro ni jambo jema, basi, lakini aliyezibua mtaro asidhani amemaliza kazi ya malaria.

Kila homa baada ya mvua ni malaria?

Hapana, na kwa Mombasa kosa hili ni la hatari. Mji huu umepata milipuko ya homa ya dengue zaidi ya mara moja, ukiwemo wa 2013 na wa 2021, na mlipuko wa chikungunya uliozuka mwishoni mwa 2017 na kuendelea hadi 2018. Magonjwa hayo mawili huenezwa na aedesi, na mvua ile ile inayoleta malaria huyaleta nayo. Yote huanza kwa homa, kichwa kuuma na maungo kuuma.

Pima kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria kwa tone la damu ya kidole hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, na hospitali nyingi hupima kwa darubini pia. Ukiwa na malaria, dawa ya mseto inayotumika Kenya huanzwa mara moja na kumalizwa siku zote tatu, hata homa ikishuka siku ya kwanza. Kipimo kikikosa malaria, usinunue dawa ya malaria dukani kwa kubahatisha. Hadi ujue ni ugonjwa gani, tuliza homa kwa parasetamoli peke yake. Aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu kwa mwenye dengue.

Mtoto mwenye homa anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au kulegea asingoje asubuhi. Mpelekeni usiku huo huo.

Kwa nini Kisauni na Likoni huonekana kuugua zaidi kuliko kisiwani?

Kisiwani ardhi nyingi imefunikwa kwa saruji na nyumba, na anofelesi hupata nafasi chache za kutaga. Ukivuka kwenda pembezoni, kama Mwakirunge huko Kisauni, au bara ya Likoni, kuna mashamba, mabonde, machimbo ya mawe na mifugo. Mbu wa malaria kwa kawaida haendi mbali na maji alikozaliwa, kilomita moja au mbili tu. Kwa sababu hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na wagonjwa wengi na mtaa wa pili usiwe nao, ilhali mvua ni moja.

Kuna safari pia. Watu wa Mombasa huenda Kwale na Kilifi mwishoni mwa wiki, kwenye mazishi, kwenye harusi, kwenye shamba la babu, na wengine husafiri hadi eneo la Ziwa Victoria. Hurudi na vimelea damuni. Mvua ya Mombasa ikiwakuta watu hao na mbu wapya pamoja, mzunguko huanza.

Ukame ukidumu, malaria itakwisha?

Itapungua, haitakwisha. Anopheles funestus, anofelesi mwingine wa malaria, hutaga kwenye maji ya kudumu yenye majani: vinamasi, mabwawa, kingo za mito. Yeye hangojei masika, na huendeleza ugonjwa kiangazi wakati gambiae ameadimika. Vilevile mtu mzima aliyezoea malaria anaweza kukaa na vimelea miezi mingi bila kuugua, akavihifadhi hadi mbu warudi.

Ukame pia una uovu wake wa mjini. Mifereji ikikauka, kila nyumba hujaza mapipa, matangi na mitungi ya maji ya mkokoteni. Hapo aedesi hustawi. Na kuna mgeni wa kuogopewa: Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia anayetaga kwenye matangi na mapipa ya mjini. Alionekana Afrika mara ya kwanza Djibouti mwaka 2012, na Kenya ilitangaza kumpata kaskazini, Marsabit, mwaka 2023. Akifika mji wa bandari wenye shida ya maji kama wetu, malaria haitakuwa tena ugonjwa wa kungojea mvua. Funika maji. Kama mfuniko umevunjika, tumia kitambaa kilichokazwa kwa mpira, na chombo kisicho na mfuniko kimwagwe na kusuguliwa kila wiki, kabla kiluwiluwi hakijapata siku za kuwa mbu.

El Niño hufanya nini?

El Niño ni hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida. Huongeza mvua za vuli Afrika Mashariki, hasa inapoandamana na hali ya Bahari ya Hindi ambapo maji ya upande wetu huwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi peke yake, bila El Niño yenye nguvu, ilituletea mafuriko. Novemba 2023 zilikutana zote mbili, na Mombasa iliyaona maji yakiingia majumbani.

Mfano mzito zaidi ni wa 1997 na 1998. Mvua ya El Niño ilijaza maji jangwa la Wajir, na mapema 1998 malaria ikalipuka huko na kuua watu wengi, kwa kuwa wakaazi hawakuwa na kinga ya mwili ya ugonjwa wasiouzoea. Mombasa haiwezi kushtukizwa hivyo, maana malaria iko hapa siku zote. Lakini watoto wadogo na wajawazito wa Mombasa ni kama watu wa Wajir: kinga yao ni ndogo, na msimu mzito huwaanza wao.

Idara ya hali ya hewa hutoa utabiri kabla ya masika na kabla ya vuli. Ukisikia "mvua zaidi ya kawaida", usingoje kuiona.

Mabadiliko ya tabianchi yatazidisha malaria Mombasa?

Wengi wanatarajia jibu la ndiyo, nasi hatuwezi kulitoa kirahisi. Ongezeko la joto lina athari kubwa zaidi palipokuwa na baridi, kama nyanda za juu za Kisii na Kericho, ambako nyuzi moja au mbili hufupisha sana muda wa kimelea. Irudie ile kanuni ya 111 uone: kutoka nyuzi 19 hadi 20, siku 37 zinakuwa 28. Kutoka 27 hadi 28, siku 10 zinakuwa 9. Mombasa ilishapita mlango huo zamani.

Tunachohofia hapa ni mvua zisizotabirika: vuli inayogeuka mafuriko, masika yanayochelewa yakaja kwa kishindo, kisha ukame wa kujaza mapipa. Ile hesabu ya wiki tuliyoitoa mwanzo itabaki ile ile, ila tarehe za kuanzia kuhesabu zitahamahama.

Tusisahau pia kwamba hali ya hewa si hukumu. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta watoto 8 kati ya 100 wa ukanda wa pwani wana vimelea. Ule wa 2020 ulikuta 5. Eneo la Ziwa lilishuka kutoka 27 hadi 19. Joto halikupungua katika miaka hiyo mitano. Vyandarua, vipimo na dawa vilifanya kazi, na vikilegea ugonjwa utarudi bila kuhitaji mvua ya ziada.

Basi nifanye nini, na lini?

Machi, kabla ya masika: toa chandarua, tafuta matundu, shona. Kama kimechafuka, kifue kwa sabuni laini na maji baridi, ukianike kivulini kwa sababu jua huharibu dawa. Fanya vivyo hivyo Septemba. Wiki mbili za kwanza za mvua, mtaa mzima utoke siku moja kwa wiki: fukia mashimo kwa mchanga, chimba njia ya maji yatoke. Shimo la mjenzi aliyetoroka kazi ni la mtaa sasa, msiliache eti lina mwenyewe. Kuanzia wiki ya nne baada ya madimbwi kujaa, na kwa miezi miwili baadaye, homa yoyote nyumbani ipimwe siku ile ile au kesho yake.

Mama mjamzito wa pwani hupewa dawa ya kuzuia malaria kliniki kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita. Aende mapema, aitumie kila ziara anayoambiwa, na alale ndani ya neti mwaka wote, masika au kiangazi.

Ndugu zangu wa Nairobi wanakuja likizo ya Agosti au Desemba. Wana hatari zaidi?

Ndiyo, kuliko wewe mwenyeji. Likizo zote mbili huangukia kwenye ile miezi ya baada ya mvua, na mtu aliyekulia Nairobi hana kinga. Usimpe mgeni kitanda kizuri kisicho na chandarua. Amwulize daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, kwa sababu huanza kumezwa kabla ya kufika na huendelea baada ya kuondoka, baadhi kwa siku 7, nyingine kwa wiki 4. Na akirudi Nairobi akapata homa wiki ya pili au ya tatu, aseme mara moja hospitalini kwamba alikuwa Mombasa, kwani huko malaria si ugonjwa wa kwanza kufikiriwa.